Nausa Bunda wa Kasi

Tangazo lenyewe lilikuwa na maneno kumi na matatu tu, yote kwa herufi kubwa, na chini yake picha ya punda wa kijivu aliyesimama kando ya mkokoteni: NAUSA BUNDA WA KASI NA MKOKOTENI WAKE. BEI YA KUSUNGUMSA. BICHA HII HABA.

Mpwa wangu alinisomea kwa sauti tukiwa tumekaa barazani kwake hapa Garsen, baada ya sala ya alasiri, akacheka mpaka chai ikamwagika. Nami nikacheka. Sina haja ya kujitakasa mbele ya wasomaji. Nilicheka kumshinda, kwa sababu yeye alikuwa akicheka herufi nami nilikuwa nacheka maana. Bunda ni vitu vilivyofungwa pamoja, kama bunda la noti. Kasi ni mbio. Haba ni kidogo. Kwa hivyo bwana huyu, kwa jinsi alivyoandika, alikuwa akiuza furushi lenye mbio, na picha yake ilikuwa chache. Nikamwambia mpwa wangu kwamba washairi wengi wametafuta fumbo la namna hiyo wasilipate.

Katika lile kundi la WhatsApp, lenye watu mia kadhaa wa kutoka Garsen, Minjila, Tarasaa, Ngao, Idsowe hata Kipini, kicheko kilikuwa kimekwisha enea. Mmoja aliuliza kama bunda hilo ni la miraa. Mwingine akataka kujua punda huyo huenda maili ngapi kwa saa na kama ana leseni. Mwenye punda hakumjibu hata mmoja.

Siku ya tatu yake mpwa wangu akaniletea tangazo jingine, alilolipata katika ukurasa wa Facebook. Hili lilikuwa safi: “Nauza punda wa kazi mwenye afya njema pamoja na mkokoteni imara. Bei ni nafuu na inazungumzika. Karibuni nyote.” Kijana alikuwa anataka kuanza kazi ya kubeba maji na mchanga wa ujenzi, na fedha alizokuwa nazo zilikuwa za punda mmoja tu, hazina nafasi ya kukosea.

“Mjomba,” akaniambia, “wewe ndiwe mtu wa lugha. Nimpigie yupi?”

Nikamjibu bila ya kufikiri. Nilisema kwamba mtu aliyezoea kuweka herufi mahali pake, huweka na ahadi mahali pake. Maneno hayo niliyaona mazuri sana siku ile, hata nikayarudia mara ya pili ili ayashike.

Mwenye tangazo safi alisema kuwa ana mteja mwingine aliye njiani kutoka Malindi, na kama twamtaka punda basi tumtumie shilingi 5,000 za kumshikia. Alituandikia ujumbe mwingine mzuri, wenye mkato na nukta na “tafadhali” yake. Mpwa wangu hakutaka kuigusa fedha ya punda kabla ya kumwona punda, kwa hivyo alizikopa kwa mamake, dadangu mimi, ambaye zamu yake ya chama ilikuwa imefika juma hilo hilo na alikuwa amezipangia karo ya shule. Zikatumwa kwa simu saa nne asubuhi. Kufika saa sita, simu ya yule bwana ikawa haipatikani, na haijapatikana mpaka leo.

Dadangu hakuniambia neno. Alinipakulia chakula kama kawaida yake, akaniuliza kama samaki amekolea chumvi. Lau angenitukana ingekuwa nafuu.

SOKO LILILOVUKA MAJI

Kazi yangu tangu ujana ni kuwauliza watu maneno, basi nikaanza kuuliza. Nilitaka kujua kama ni mimi peke yangu niliyempima muuzaji kwa maendelezo ya maneno yake (siku hizi wataalamu husema “tahajia”, lakini sisi tulifunzwa kuendeleza neno), ama huu ni mwendo wa watu wote.

Kwa msomaji asiyepajua hapa, Garsen na jirani yake Minjila ndipo njia itokayo Garissa na Hola inapokutana na ile ya Malindi kwenda Lamu. Mto Tana, ambao ni mrefu kuliko mito yote ya Kenya, ukifika pande hizi huwa umechoka. Hujigawa na kujitandaza mabondeni hata unapoingia baharini huko Kipini. Wapokomo hulima ukingoni mpunga, ndizi na maembe. Waorma huteremsha ng'ombe wao deltani wakati wa kiangazi kutafuta malisho. Na mvua ikizidi huko milimani, huku chini watu huhama hata kama hapajanyesha tone. Mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998 zilivunja kingo za mashamba makubwa ya mpunga. Mwaka 2018 maji yalirudi, mwaka 2023 yakarudi tena hata barabara ya Lamu ikakatika, na mwaka 2024 yakaja kabla watu hawajamaliza kukausha magodoro yao.

Nataja mafuriko kwa sababu ndiyo yaliyolikuza soko hili la simu, kwa jinsi nilivyoambiwa na kila niliyemwuliza. Mwenye mbuzi alikuwa ng'ambo hii, mnunuzi ng'ambo ile, na baina yao maji. Mtu hakuweza kuvuka, picha iliweza. Tangu hapo mbuzi, ndizi, asali, pikipiki, milango ya mabati, hata shamba zima la miembe, huuzwa kwa picha na maneno machache yaliyoandikwa chini yake.

Mama mmoja wa Ngao auzaye maembe aliniambia jambo ambalo sikulisahau. “Nikiandika mwenyewe,” alisema, “watu wa mjini huniambia bei. Akiandika binti yangu aliye kidato cha tatu, huniuliza bei.” Maembe ni yale yale, ngowe wa mti ule ule. Lakini makosa yakionekana, mnunuzi wa Mombasa hukata shauri kwamba huyu ni mtu wa shamba asiyejua mambo ya mjini, naye huanza kwa nusu ya thamani.

Sokoni nikamkuta dalali mmoja kijana, mwenye simu mbili na maneno mengi, ambaye hakuona haya kunieleza riziki yake inakotoka. “Tangazo likiwa na makosa watu hulicheka, kisha hulipita. Mimi silipiti,” alisema. Humwendea mwenye mali, akanunua kwa bei ya mtu aliyekosa wateja, halafu mkewe, mwalimu wa chekechea, huandika tangazo jipya la Kiswahili kizuri. Alinionyesha mbuzi aliyemnunua kwa shilingi 6,000 akamwuza siku mbili baadaye kwa 8,500, wala hakumlisha hata jani moja la ziada. Nililitazama lile tangazo la kwanza na la pili. Tofauti iliyokuwapo ni mbusi na mbuzi. Mimi nimeandika magazetini miaka mingi, nami sijapata kulipwa shilingi 2,500 kwa herufi moja.

Mwenye duka mmoja, mtu wa makamo na mwenye heshima zake, ndiye aliyenifanya nisilale vizuri usiku ule. Aliniambia hanunui mnyama kwa mtu anayeandika S pahali pa Z. Nikamwuliza kwa nini. “Nikiona hivyo, najua ni wa upande ule.” Nikamwuliza upande ule ni upi. Akatabasamu, akafuta kaunta yake, akasema, “Wewe ni mwandishi, wajua.”

Najua. Kila mtu hapa ajua. Mwaka 2012 Wapokomo na Waorma waliuana katika delta hii, katika mashamba na malisho na vijiji vya pande zote mbili, na watu zaidi ya 100 walizikwa katika miezi michache. Leo wanaketi pamoja katika matatu na hospitali na misikiti, na watoto wao wako katika darasa moja. Walakini herufi moja katika tangazo la mbuzi ingali ikitosha kumwambia mtu avuke barabara.

Mwenye haki apewe haki yake: si wote wapimao kwa herufi. Wachungaji nilioongea nao hawayatazami maneno kabisa. Hutazama pembe, nundu, kwato na alama ya sikio. Mmoja alinichekea aliponiona nikisoma tangazo la fahali kwa makini. Alisema mtu aliyeandika “ng'ombe mzuri sana” bila ya kutaja rangi wala umri, huyo hajapata kuchunga, hata akiandika kama mwalimu mkuu.

Basi nikamwomba mpwa wangu simu yake, nikakaa siku nzima nikisoma matangazo ya miezi mitatu. Karibu wote wameandika “ngombe” bila ya alama yake, na neno hilo lisomwavyo hivyo si neno. Wengi wameandika “uku” badala ya huku na “apa” badala ya hapa. Vijana wameandika “xaxa” na “xana”, sijui kwa sababu gani. Simu nazo zina makosa yao. Simu iliyofunzwa Kiingereza hukugeuzia neno la Kiswahili likawa la Kizungu kabla hujatoa kidole. Makosa hayo yote hayakuchekwa. Hakuna aliyeuliza “ngombe” ni mnyama gani. Aliyechekwa ni yule wa S na B peke yake.

P MOJA NA DOLA NUSU MILIONI

Msidhani haya ni ya Garsen tu. Mwaka 2007 mtu mmoja aliinadi katika mtandao wa eBay chupa kongwe ya pombe (Mola atuepushe nayo) iliyotengenezwa mwaka 1852 kwa ajili ya mabaharia waliokwenda bahari za barafu. Jina la mtengenezaji ni Allsopp, kwa P mbili. Muuzaji akaandika P moja. Waliolitafuta jina hilo sawasawa hawakuiona, na chupa ikanunuliwa kwa dola 300 na kidogo. Aliyeinunua akaitangaza upya kwa P mbili, na bei ikapanda mpaka zaidi ya dola 500,000. Kweli, baadaye ilidhihiri kuwa aliyeitaja bei hiyo alikuwa akifanya mzaha na fedha hazikutoka. Lakini dalali wetu wa Garsen angeielewa habari hii mara moja.

Mwaka 2011 mfanya biashara mmoja wa Uingereza, Charles Duncombe, aliliambia shirika la BBC kwamba kosa moja la tahajia katika duka la mtandaoni la soksi liliposahihishwa, mapato kwa kila mgeni aliyepita dukani humo yaliongezeka maradufu. Wanunuzi, alisema, huona kosa wakaogopa utapeli. Nao hawana wazimu. Mtu asiyeweza kumshika mbuzi wala kumtazama mwenye mbuzi usoni, atashika nini ila maneno?

Lakini mwaka 2012 mtafiti wa kampuni ya Microsoft, Cormac Herley, aliandika juu ya zile barua za matapeli wasemao wana mamilioni huko Nigeria. Alieleza kwamba hadithi isiyoaminika ina faida kwa tapeli: mwerevu huiacha mapema, akabaki mjinga tu, na tapeli hapotezi wakati wake. Kumbe basi mwizi ana nyavu za kila namna. Wa barua za Nigeria alitega kwa upuuzi akawapata wajinga. Wetu alitega kwa mkato na nukta akampata aliyesoma.

BA NI BA

Mpwa wangu ndiye aliyesema tumpigie mwenye “bunda”. Sauti iliyojibu ilikuwa ya mtu mzima, yenye Kiswahili kilichonyooka na lafudhi ya Kiorma. Akatuelekeza kwake, kijiji nisichokitaja, upande wa barabara iendayo Hola. Tukaenda kwa pikipiki. Tulisalimiana kwa salamu ndefu za wafugaji, habari za watu, za wanyama, za mvua na za njia, ndipo tukaonyeshwa punda.

Mpwa wangu alisimama kimya. Kisha akatoa simu yake, akaitazama, akamtazama punda, akanipa mimi. Sikio la kushoto lenye pengo, goti lenye baka jeupe, mkokoteni wenye kamba ya samawati na dumu la njano. Tapeli alikuwa ameichukua picha ya mzee huyu, akaukata ukingo ulioonyesha mkono wake, akayafua na maneno. Punda tuliyemlipia alikuwa ndiye huyu. Aliyelipwa ndiye mwingine.

Tulipomweleza, mzee alitaka asomewe lile tangazo la mwizi. Nikamsomea. Akasikiliza lote. “Ameandika vizuri,” akasema. Kisha akanyamaza kidogo. “Mimi nilidhani hakuna aliyemtaka.”

Nikamwuliza alisoma wapi. Hakupata kwenda shule ya serikali. Utoto wake ulikuwa nyuma ya ng'ombe. Chuoni alisoma, kwa mwalimu aliyekuwa akihama na kundi, na alihitimu. Herufi za Kizungu alijifunza mwenyewe ukubwani, kutoka kwenye mifuko ya sukari na mabango ya barabarani, alipoanza kumiliki simu.

“Basi niandikie punda kwa herufi za chuoni,” nikamwambia.

Ubao wa mkokoteni ulikuwa na vumbi. Akaandika kwa kidole, kutoka kulia kwenda kushoto, taratibu, kwa mkono mzuri kuliko wangu: ba, wau, nuni, dali. Juu ya ba akaweka dhumma.

Niliitazama ile ba muda mrefu. Babu yangu wa Lamu alikuwa akinunua mpunga wa Kau na Ozi na kuupakia jahazini Kipini, na barua zake zilibaki katika sanduku nyumbani hata nikazikuta nikiwa mtoto, nilipokuwa nimeanza kuunga herufi chuoni. Kiarabu hakina P. Hakina V, wala CH, wala G yetu. Wazee wetu walioandika Kiswahili kwa herufi hizo waliipa ba kazi ya P, na fa kazi ya V. E na I wakazitia katika kasra moja, O na U katika dhumma moja. Wako waliotia nukta za ziada ili kutenga sauti, na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1947, aliandika kwa herufi zilizotengenezwa vizuri. Wafanya biashara hawakungoja matengenezo. Barua ya babu inayoagiza pishi mbili za mpunga, ukiisoma kwa jicho la leo, yaagiza “bishi mbili za mbunga”. Wala hapana nahodha aliyemletea bishi. Aliyepokea barua alitazama salamu juu na jina chini, akamtazama na aliyeileta usoni, na zile herufi akazijaza kwa akili yake, kwa sababu alimjua mtu na alijua jambo.

Yaani “bunda” ya mzee huyu wa Kiorma ndiyo punda ya babu yangu, herufi kwa herufi. Nimeihifadhi ya babu kwa heshima ndani ya nailoni, na hii nimeichekea chai ikamwagika.

Na hiyo S haikutoka kwenye uvivu. Maneno ya asili ya Kiorma na Kisomali hayana P, wala V, wala Z. Mtu huandika alisikialo mdomoni mwake. Zainabu akizaliwa kwao huitwa Seinabu, na Mwenyezi Mungu humjua. Mto wenyewe tunaoishi kando yake Wapokomo huuita Tsana. Wageni waliouchora katika ramani waliidondosha S, na mpaka leo sijamsikia mtu akiicheka ramani.

Mimi, katika watu wote, nilipaswa kuyajua haya. Nilipoingia shule ya msingi katika miaka ya sabini niliandika insha yangu ya kwanza kwa lugha ya mamangu. Niliandika “nti” kwa nchi, “kitwa” kwa kichwa, “mato” kwa macho, kama wanenavyo Waamu na kama walivyotunga washairi wa kwetu karne na karne. Mwalimu aliitia insha ile wino mwekundu hata ikafanana na kitambaa cha kufungia kidonda. Baadaye nilikuja kujua kwamba katika mwaka 1928 wakuu walikutana Mombasa wakachagua Kiunguja kiwe ndicho kiswahili cha vitabu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisanifisha. Sisemi walikosea, bila ya hivyo gazeti hili lisingesomeka Kisumu. Lakini siku ile macho yangu yaliyokuwa mato yalijaa machozi. Kisha nikakijifunza Kiswahili sanifu vizuri mno, nikaushika ule wino mwekundu mimi mwenyewe, na nimeutumia kwa watu kwa miaka thelathini.

Usiku ule niliporudi Garsen nilimwomba mpwa wangu aniingize katika lile kundi, nikatuma ubeti mmoja:

Mwamcheka wa porini, ati kaandika kasi
Na mnyama yu zizini, kanona hana mkosi
Mwenye herufi makini, kawauzia farasi
Farasi wa kwenye simu, hali nyasi hanywi maji

Wawili walinijibu kwa vidole gumba. Mmoja akaandika kwamba mzee anahubiri. Wa nne akauliza farasi anauzwa bei gani na kama anaweza kuletwa Hola.

Juma la pili tulirudi kwa mzee tukiwa na fedha. Bei ya punda na mkokoteni ilikuwa shilingi 38,000. Mpwa wangu alikuwa na 30,000, na 5,000 kati ya hizo alikuwa ameahidi kumrudishia mamake kabla ya shule kufunguliwa. Mzee hakumwuliza kijana chochote. Aliniuliza mimi: “Huyu ni mtoto wa nani?” Nikamtajia baba, na babu, na kazi ya baba katika mashamba ya mpunga kabla kingo hazijavunjika. Akafikiri. Akasema alete 25,000, amchukue punda, na zilizobaki azilete baada ya miezi miwili. Mpwa wangu akataka tuandikiane karatasi.

“Andika ukitaka,” mzee akamwambia. “Mimi nimekuona.”

Punda alipokuwa anafungwa mkokotenini, mzee alitoa simu yake mfukoni. Alikuwa na mbuzi wa kuuza, na tangazo alikuwa ameshaliandika ila hajalituma: NAUSA MBUSI WATATU WANONO. Nikamwambia kwa upole, maana sasa tulikuwa tumezoeana, kwamba akiniruhusu nitamtengenezea maneno mawili tu, na huenda akapata elfu mbili za ziada kwa kila mbuzi. Nikamweleza habari ya yule dalali na mkewe. Akanipa simu. Nikatia Z mahali pawili, nikamrudishia.

Alilitazama tangazo muda mrefu, akiliweka simu mbali kidogo na macho kama tufanyavyo watu wa umri wetu. Halafu akanipa tena.

“Rudisha,” akasema. “Watu wangu wanaujua mkono wangu. Wakiona hivi watasema simu imeibiwa.”

Nikazirudisha S zote mbili. Akabonyeza, likaenda.